Saa ya Kumi na Moja: Msemo wa Mwingereza, Hesabu ya Mswahili

Waingereza wana msemo wao ambao hawaachi kuutumia. Jambo likicheleweshwa hata likakaribia kuharibika, kisha likafanywa pale pale mlango unapofungwa, wao husema limefanywa "at the eleventh hour", yaani katika saa ya kumi na moja. Mkataba uliotiwa sahihi usiku wa kuamkia mgomo, karo iliyolipwa mtoto akiwa keshatolewa darasani, mgonjwa aliyefikishwa kwa daktari akiwa hoi: yote hayo kwa Mwingereza ni mambo ya saa ya kumi na moja. Sisi husema "dakika ya mwisho", na watangazaji wetu wa kandanda wametuzoesha "dakika za lala salama".

Lakini hebu muulize Mwingereza: kwa nini iwe saa ya kumi na moja, isiwe ya tisa au ya kumi? Aghalabu ataitazama saa yake ya mkononi, akujibu kuwa kumi na moja ni jirani ya kumi na mbili, na kumi na mbili kwake ndiyo katikati ya usiku, siku ikatikapo. Jawabu hilo lina sura ya kweli, ila kweli yenyewe haimo. Saa anayoisema yeye, kwetu ni saa tano za usiku, watu wameshalala. Msemo huu haukuzaliwa usiku. Ulizaliwa jioni, jua lingali laonekana, na mtu wa kuufahamu kwa wepesi kumshinda Mwingereza mwenyewe ni Mswahili.

SHAMBA LA MIZABIBU

Asili ya msemo huu ni kisa kilichomo katika Injili ya Mathayo, mlango wa 20. Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri kutafuta vibarua, akapatana nao ujira wa dinari moja kwa siku. Akatoka tena saa tatu, akawakuta wengine wamesimama sokoni bila kazi, akawachukua. Akafanya vivyo saa sita na saa tisa. Mwisho akatoka ilipokuwa yapata saa kumi na moja, akawakuta wengine wangali wamesimama. Alipowauliza mbona wameshinda bure, walimjibu kwamba hapana mtu aliyewaajiri. Nao akawapeleka shambani.

Jua lilipokuchwa, vibarua waliitwa kulipwa, wakianzwa wale wa mwisho. Kila mmoja alipewa dinari moja. Wale wa alfajiri walipoona kuwa nao wamepewa dinari ile ile, walinung'unika, kwani wao ndio waliochomwa na jua la mchana kutwa. Mwenye shamba aliwajibu kuwa hakuwadhulumu, maana amewapa walichopatana, na mali ni yake kumpa amtakaye.

Msomaji, zitazame tena saa hizo: alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Je, kuna haja ya kumfasiria Mswahili yeyote? Saa tatu ndiyo ile ya watu kuwa kazini, saa sita jua la utosi, saa tisa ndipo mtu anapoanza kuisubiri adhana ya alasiri, na saa kumi na moja ni jioni, imebaki saa moja tu jua lizame. Waliofasiri kitabu hicho kwa Kiswahili hawakulazimika kubadili hesabu. Lakini Mwingereza aliyeisoma tafsiri mashuhuri ya zama za Mfalme James, iliyotoka mwaka 1611, alikuta saa ya tatu, ya sita na ya kumi na moja ambazo hazilingani na saa za ukutani mwake. Akaubeba msemo, akaiacha hesabu.

HESABU MBILI

Wayahudi na Warumi wa kale waliugawa mchana sehemu kumi na mbili, tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Huko Palestina mchana mrefu wa mwaka hukaribia saa 14, na mchana mfupi ni kiasi cha saa 10 tu. Kwa hivyo saa yao moja ilirefuka na kufupika kufuata majira. Katika nchi kama Uingereza hesabu hiyo ni tabu tupu. Mji wa London hupata mchana wa kiasi cha saa 16 na nusu mwezi wa Juni, na mwezi wa Desemba hubakiwa na mchana usiotimia saa 8. Saa za mitambo zilipoenea Ulaya kuanzia karne ya 14, watu wa huko walizidi kuliacha jua, wakaanza kuhesabu kutoka katikati ya usiku na kutoka katikati ya mchana.

Hata hivyo, mabaki ya hesabu ya kale yamo vinywani mwao bila wao kujua. Neno lao "noon", wanaloita adhuhuri, latokana na neno la Kilatini la saa ya tisa, ambayo zamani ilikuwa alasiri hasa, kisha neno likasogea kidogo kidogo mpaka likatua kwenye saa sita. Na "siesta", usingizi wa mchana wa Wahispania, latokana na saa ya sita ya Kilatini. Basi Mhispania anapojinyoosha baada ya chakula, jina la usingizi wake latamka saa ile ile atakayokutajia mzee wa Lamu ukimuuliza ni saa ngapi.

Pwani yetu iko karibu na Ikweta, na jua halikutusumbua hivyo. Mombasa, tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwa mwaka mzima yakaribia nusu saa tu. Asubuhi yetu ni asubuhi na jioni yetu ni jioni, mwezi wa Januari ama wa Julai. Kwa hivyo Mswahili aliweza kuipokea saa ya kutia ufunguo na bado akahesabu kwa jua. Jua likisha kuchomoza twaanza moja, na likikaribia kuzama twafika kumi na mbili. Na jua likizama, siku mpya imeingia, ndiyo maana Alhamisi baada ya magharibi twasema ni usiku wa Ijumaa.

SI SAA YA KUMALIZA VITA

Wako wanaodhani kuwa msemo huu ulitokana na Vita Vikuu vya Kwanza. Ni kweli kwamba mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi katika msitu wa Compiègne, Ufaransa, alfajiri ya tarehe 11 Novemba 1918, yakaanza kutumika saa kumi na moja za asubuhi kwa hesabu yao, yaani saa tano kwa yetu. Lakini msemo ulikuwako kabla ya vita hivyo, na lililotukia siku ile lilikuwa kinyume cha kuokoka dakika ya mwisho. Baina ya kutiwa sahihi na kunyamaza kwa mizinga zilipita kiasi cha saa sita, na katika saa hizo watu zaidi ya 2,000 waliuawa kwa vita ambavyo wakubwa wao walijua vimekwisha. Askari wa Kimarekani, Henry Gunther, alipigwa risasi dakika moja kabla ya wakati uliowekwa.

Huku kwetu habari zilichelewa zaidi. Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alipata taarifa katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, karibu na mto Chambeshi, tarehe 14 Novemba. Alisalimisha silaha rasmi tarehe 25 mjini Abercorn, ambao sasa ni Mbala. Wapagazi wa Kiafrika walizidi kubeba mizigo ya vita ambavyo Ulaya vilikuwa vimeshazikwa.

VIBARUA WA ALASIRI

Waislamu nao wana mfano wao wa vibarua na jua, na ulio karibu sana na ule wa mizabibu. Umo katika Sahihi Bukhari, kwa riwaya ya Ibn Umar. Mtume, rehema na amani zimshukie, alizifananisha umma tatu na watu walioajiriwa kwa zamu. Mayahudi walifanya kazi tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa kirati moja moja, Wakristo tangu adhuhuri hadi alasiri kwa kirati moja moja, na Waislamu tangu alasiri hadi jua kuchwa kwa kirati mbili mbili. Wale wa kwanza waliona wao wamefanya zaidi na kupewa kidogo. Wakaulizwa kama wamepunguziwa chochote katika haki yao. Walipokiri kuwa hawakupunguziwa, wakaambiwa kwamba hiyo ni fadhila ya Mwenyezi Mungu, humpa amtakaye.

Visa hivi viwili vinakutana mahali pamoja: kibarua wa jioni hakulaumiwa. Hakulala nyumbani, wala hakuvizia jua lipunguke. Aliitwa jioni akaitika jioni. Mwingereza alipoufanya msemo wa watu wanaongoja mpaka mambo yaungue, alimgeuza kibarua yule akawa mvivu. Lawama imehama ikatua kwa asiyestahiki.

NGAZI ZA UCHELEWAJI

Kwa Mwingereza kuchelewa ni jina moja tu. Mafakihi walikuwa na uangalifu zaidi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani hii, wakati wa alasiri umepangwa kama ngazi. Kuna wakati wa fadhila, pale mwanzo unapoingia. Kuna wakati wa hiari, mpaka kivuli cha kitu kiwe mara mbili ya urefu wake. Kuna wakati wa kujuzu, mpaka jua lipige umanjano. Baada ya hapo ni wakati wa karaha. Na mwisho kabisa ni wakati wa uharamu, ambapo muda uliobaki hauienei tena sala nzima, na aliyejiwekea mpaka hapo bila udhuru amepata dhambi ingawa jua halijazama.

Kwetu Mombasa, saa kumi na moja aghalabu huangukia katikati ya ngazi hizo: hiari imekwisha, karaha haijaingia. Mtu angali salama, lakini hana tena cha kujivunia.

Tena mafundisho yenyewe yana pande mbili. Upande mmoja, aliyeiwahi rakaa moja kabla ya jua kuchwa ameiwahi alasiri, na huo ni mlango wa rehema. Upande wa pili, mwenye kukaa akilitazama jua makusudi, kisha likikaribia kuzama akainuka akadonoa rakaa nne mbio mbio, amefananishwa na mnafiki. Wawili hawa husali dakika moja, huenda katika msikiti mmoja, bega kwa bega. Saa haiwatenganishi. Linalowatenganisha ni walilokuwa wakifanya tangu adhuhuri.

WALIOITWA NA WASIOITWA

Tupime jambo hili kwa habari mbili za pwani yetu.

Ya kwanza ni ya Unguja. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na siku ile ile Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza. Akapewa onyo: kufikia saa tatu za asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera na atoke. Saa mbili, mjumbe wake alikwenda kutaka mazungumzo. Saa mbili u nusu akatuma neno tena, kwamba hateremshi bendera, wala haamini kuwa watampigia mizinga. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga. Haikutimia saa moja vita vikawa vimekwisha, na watu kiasi cha 500 wa upande wa jumba la kifalme wamekufa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akasafirishwa hadi Dar es Salaam. Baadaye Waingereza walimkamata wakampeleka uhamishoni St Helena na Shelisheli, na mwisho alifia Mombasa mwaka 1927. Ubabe ulikuwa wa Waingereza, hilo halifichiki. Lakini saa alizipewa, na alijua zahesabiwa.

Ya pili ni ya kwetu hasa, na machungu yake yangalipo. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa mwambao wa Kenya. Kila mwenye kudai shamba au kiwanja alitakiwa apeleke dai lake katika muda uliowekwa. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Ufalme wa Uingereza. Waliokuwa mijini, wenye kusoma na wenye makaratasi, walikwenda. Lakini wengi katika Mijikenda, na Waswahili wengi wa vijijini, ardhi yao ilikuwa ya ukoo, mpaka wake mwembe na kaburi la babu, si karatasi. Wengine hawakupata habari mpaka muda ulipokuwa umepita. Tangu hapo vizazi na vizazi vimeitwa maskwota mahali walipozaliwa.

Je, watu hao tuwahesabu kuwa waliochelewa? Kwa karatasi ya serikali, naam. Kwa haki, hao ni wale waliosimama sokoni mchana kutwa bila kuajiriwa. Tofauti yao na wa kisa cha mizabibu ni kwamba kwao hapana aliyetoka saa kumi na moja kuwatafuta. Kwa hivyo kabla ya kumwambia mtu kuwa amechelewa, ni wajibu tuulize kwanza kama aliitwa. Mama aliyeanza kujifunza kusoma akiwa na wajukuu, kijana aliyerudi chuoni baada ya miaka ya uvuvi, hao hawastahiki kuchekwa. Wameitika wito ulipowafikia.

UFA NA UKUTA

Baada ya kusema hayo, tusijifiche nyuma ya vibarua wa jioni. Mengi tunayoyafanya saa kumi na moja tuliitiwa tangu alfajiri.

Jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 mbele ya bandari ya Unguja, lilistahimili hata ile mizinga ya mwaka 1896. Mwaka 1897 likatiwa mnara wa saa. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka, likafungwa kwa wageni. Matengenezo makubwa yalipokuja kufanyika yalikuwa yamechelewa mno, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, upande mkubwa wa jumba ulianguka pamoja na mnara wake, wafanyakazi wawili wakafa. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakuwa wakipamba maneno. Na hapa hata fundi aliyekuja kuziba aliuawa na ukuta.

Nyufa kama hizo zimo majumbani mwetu. Mwislamu mwenye kitu cha kuusia ameagizwa asilale siku mbili wasia wake haujaandikwa. Ni wangapi wameandika? Mtu ana deni la duka, ana amana ya yatima, ana shamba alilolinunua kwa mkono na shahidi mmoja ambaye naye ni mzee wa miaka 80. Yote kayahifadhi kichwani. Akiondoka, wanawe hukutana kwa Kadhi wakiwa ndugu na kutoka wakiwa mahasimu. Kadhi hana ilimu ya kulisoma kaburi. Hugawa kilichothibitishwa kwake, na kisichothibitishwa hupotea pamoja na haki ya mwenyewe. Kuandika wasia hakuleti mauti, wala kutoandika hakuyazuii. Kwataka karatasi, mashahidi wawili na kikao cha jioni moja.

Kadhalika kuna hazina ambayo haigawiwi kwa Kadhi. Wazee waliokuwa wakitaja saa kwa mafungulia ng'ombe na jua la utosi wanazidi kupungua, na simu za mikononi zawafundisha watoto kuwa jioni ni saa kumi na saba. Mtoto wa pwani anayejua "five o'clock" asijue alasiri inaingia lini kwa kivuli chake mwenyewe, amenyang'anywa kitu bila kupigwa. Aliye na mzee nyumbani na amuulize leo.

Firauni alisadiki maji yalipomfika puani, na imani yake haikumfaa. Hiyo haikuwa saa ya kumi na moja, ilikuwa ya kumi na mbili imeshagonga. Ama saa ya kumi na moja ina dakika zake 60 kamili. Vibarua wale walizitumia kuchuma zabibu, wakarudi majumbani na ujira. Mwingereza huitaja saa hiyo kwa kutweta. Sisi tunaoihesabu kila jioni twajua kuwa jua lingali juu, na kwamba halimngoji mtu.